Kisogo cha Mwalimu wa Kwaya

Siku ya Ijumaa mji wa Awendo huwa na shughuli nyingi. Matrekta hupita yakivuta miwa, na kwenye kila tuta la barabara huanguka muwa mmoja au miwili. Hewa hunukia kama sukari iliyoshika chungu.

Dukani kwa Mokua, wakata miwa huingia kutafuta panga au buti za mpira. Mteja huvaa buti, hutembea hadi mlangoni, hurudi, kisha huuliza kama hakuna nyingine nyeusi zaidi. Mokua huwa hana haraka nao. Ni mtu mpole, wa miaka arobaini hivi. Ana sauti nzito, na kofia ya kitambaa ambayo kwa kawaida haivui mpaka afike kwake.

Mokua na mke wake, Caren, ni Wasabato. Kwao Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla jua halijazama, nyumba iwe imefagiliwa, maji yamechotwa, chakula kimepikwa, na nguo zimepigwa pasi. Na kichwa cha Mokua kiwe kimenyolewa. Kwa hiyo Ijumaa moja ya mwezi wa Mei alifunga duka mapema, akaenda kwa Okemwa, kinyozi wake.

"Karibu, mwalimu," alisema Okemwa, akikung'uta kitambaa.

Watu walimwita Mokua mwalimu, ingawa hakuwa na darasa. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa.

"Kama kawaida," alisema Mokua.

"Zero?"

"Zero. Na hapo kisogoni ukandamize mashine vizuri, mpaka pang'ae. Kesho nasimama mbele ya watu."

Okemwa alimvua kofia. Utosini palikuwa na duara lisilo na unywele hata mmoja, laini kama tako la kibuyu. Chini kisogoni, pale nywele zinapokutana na shingo, palikuwa na vipele. Vingine vilikuwa vidogo kama punje za wimbi. Vingine vilikuwa vikubwa na vigumu kama punje za mahindi makavu.

"Mwalimu, hizi vipele zimeongezeka," alisema Okemwa.

"Ndiyo sababu nakwambia ukandamize. Ukivikata kabisa vitakauka."

Mashine ilipita, ikarudi, ikapita tena. Damu kidogo ilitoka. Okemwa alimwaga spiriti kwenye pamba, akapaka. Mokua alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, lakini hakulalamika. Aliamini kwamba dawa isiyochoma haifanyi kazi. Alikuwa amenyolewa hivyo kila Ijumaa kwa miaka mingi.

Nyumbani alimkuta Caren akipiga pasi shati lake jeupe. Kola alikuwa ameichovya kwenye uji mwepesi wa muhogo, uliochujwa kwa kitambaa, ili isimame imara.

"Kola ya mwalimu wa kwaya hailali," Caren alipenda kusema. Na kweli, kola ile ilisimama kama ubao.

*

Mhubiri huwaonyesha watu uso wake. Mwalimu wa kwaya huwaonyesha kisogo. Yeye hutazama waimbaji, na kanisa zima humtazama nyuma. Tena ndani ya kanisa mwanamume havai kofia.

Sabato ile kwaya iliimba vizuri. Kuna mtu alirekodi kwa simu, akisimama juu ya benchi. Jumapili asubuhi video ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mokua aliitazama akitabasamu. Alisikia sauti ya kwanza ikipanda, na besi ikijibu. Kisha akaona mtu aliyesimama mbele, mwenye duara kubwa utosini. Mwanga wa dirisha ulikuwa umetua hapo, na duara likawaka kama taa.

Chini ya video, Momanyi alikuwa ameandika neno. Momanyi alikuwa mwimbaji wa besi na rafiki yake wa utani tangu zamani.

"Mmetubariki. Lakini naona uwanja wa ndege wa Lichota umehamia Awendo. Rubani, tua salama!"

Watu wengi walikuwa wamecheka. Hata mzee wa kanisa alikuwa amecheka.

Mokua aliweka simu mezani ikiwa imelala kifudifudi.

"Momanyi ni Momanyi," Caren alimwambia. "Wewe mwenyewe si ulimwita pipa mbele ya mchungaji?"

"Pipa ni tumbo, mama Nyanchama. Tumbo unalifunika na koti. Hiki nitakifunika na nini?"

Sabato iliyofuata alisema ana homa. Nyingine alisema amechoka. Baadaye alikwenda kanisani, lakini alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kofia ikiwa kwenye goti. Sheila, mwimbaji wa sauti ya pili, ndiye aliyeongoza kwaya. Sheila alikuwa na moyo mwema na mkono mzito. Kila wimbo ulimalizika ukiwa umechoka.

Siku moja Sheila alikuja dukani.

"Mwalimu, makambi ni Agosti. Makanisa yote yatakuwa Kendu Bay. Wimbo wetu tunauburuta kama gunia la mawe. Lini utarudi?"

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo wiki jana."

"Nitakuja, Sheila."

Sheila aliitazama ile kofia, akaenda zake.

Mokua alikaa juu ya katoni ya buti. Kuongoza kwaya kulikuwa kitu chake. Wengine walikuwa na mashamba makubwa, wengine walikuwa na digrii. Yeye alikuwa na mikono miwili ambayo ikiinuliwa, watu arobaini wanavuta pumzi pamoja. Sasa aliona mikono hiyo imefungwa na kichwa chake mwenyewe.

*

Kijana aliyeitwa Javan alipitia dukani siku hizo. Alikuwa wakala wa mafuta ya nywele, mwenye viatu vilivyochongoka na begi dogo begani. Alimtazama Mokua, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mkubwa, joto yote hii na bado uko na kofia? Najua iko nini chini yake."

"Unajua nini?"

"Usijali. Siku hizi hiyo si shida. Tunapandikiza nywele. Tunatoa hapa nyuma, tunapanda huko juu. Unaingia asubuhi, jioni unatoka. Makambi itakupata na nywele za kuchana!"

Mokua alishika ukingo wa meza. "Mnafanyia wapi?"

"Migori mjini. Tumekodi chumba kwa nyumba ya wageni. Mtaalamu anakuja wiki mbili zijazo. Nafasi ni chache. Lipa kidogo tu nikuwekee."

"Huyo ni daktari?"

"Ni mtaalamu, mkubwa. Ako na mkono."

"Inauma?"

"Kama siafu mbili, tatu."

Javan hakuomba kuona kichwa. Alimwonyesha picha kwenye simu: mtu mwenye upara, kisha mtu mwenye nywele. Mokua hakujiuliza kama ni mtu yule yule. Aliona nywele tu.

Jioni alimkuta Caren akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akitoa vijiti na vikonokono. Alimweleza yote kwa haraka, kama mtoto aliyetumwa na anayeogopa kusahau.

Caren aliweka ungo chini. "Nyumba ya wageni? Yawa! Baba Nyanchama, ng'ombe wetu akiwa mgonjwa tunaita daktari wa mifugo aliyesomea. Wewe kichwa chako kikatiwe mahali watu wanalala?"

"Si kukata. Ni kupanda."

"Kupanda huanza na kuchimba."

Caren aliingia chumbani, akarudi na foronya ya mto. Ilikuwa nyeupe, lakini katikati ilikuwa na madoa ya manjano na mekundu.

"Hii niliifua Jumatano," alisema. "Huo ni usaha wa kisogo chako. Huyo Javan aliuona?"

"Hakuniangalia."

"Atachimba mahali hajaangalia?"

"Unataka nikae benchi la nyuma mpaka nife?" Mokua alipaza sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Hujui vile inahisi. Watu wakiinama kuomba, mimi nafikiri wananitazama utosi!"

Caren hakupaza yake. Alimsogezea kigoda.

"Sijui, kweli. Lakini tufanye hivi. Hospitali ya Homa Bay kuna kliniki ya ngozi. Mama alitibiwa mguu pale mpaka akapona. Twende tumsikie daktari. Akisema panda, mimi mwenyewe nitakupeleka hata Nairobi, na nitakushikia kofia."

Mokua alikaa. Mwishowe alicheka kidogo. "Utanishikia kofia?"

"Kwa mikono miwili."

*

Daktari wa ngozi aliitwa Helen. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Alinawa mikono, akavaa glavu, akasema, "Baba, hebu tuone."

Mokua alivua kofia mbele ya mtu mgeni. Alihisi kama amevua shati. Daktari hakucheka. Aliwasha taa ndogo, akatazama utosi, akatazama pembeni mwa paji la uso. Kisha akamwinamisha, akatazama kisogo kwa muda mrefu.

"Baba yako ana upara?"

"Alikuwa nao. Na babu pia."

"Nywele zilianza kupungua polepole? Hakuna kuwasha juu, hakuna magamba?"

"Polepole. Juu hakuniwashi. Chini ndiko huwasha."

"Una kidonda chochote cha zamani ambacho kovu lake lilivimba?"

Mokua alishangaa. Alifungua vifungo viwili vya shati. Kifuani alikuwa na kovu nene, lililong'aa, refu kama kidole gumba. "Hapa palikuwa na chunusi tu, nikiwa kijana. Nilikata miwa, jani likaikwaruza. Kidonda kikapona, halafu kovu likaendelea kukua lenyewe."

Daktari alipima shinikizo la damu na sukari. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Baba, una mambo mawili kichwani, si moja. La kwanza ni upara wa juu. Huo ni wa ukoo. Hauumizi, hauambukizi, wala si laana. La pili ni hivi vipele vya kisogoni. Huo ndio ugonjwa, na ndio umenitia wasiwasi."

"Lakini mimi nimekuja kwa sababu ya huko juu, daktari. Nataka kupandikiza nywele."

"Ni jambo la kweli, na kuna watu linawasaidia sana. Niliwahi kumtuma mwalimu mmoja, aliyeungua na uji akiwa mtoto, kwa mtaalamu. Alipandikizwa pale penye kovu la moto, na leo anafurahi. Lakini ni upasuaji. Na si kila kichwa kinaufaa. Unajua nywele za kupandikiza hutoka wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma na pembeni. Daktari hatengenezi nywele mpya. Anahamisha zako, na mizizi yake. Sasa nyuma kwako kukoje?"

Mokua aligusa kisogo chake. Alikuwa muuza panga katika mji wa miwa, na mambo ya kupanda miwa aliyajua vizuri.

"Ni kama mbegu ya miwa," alisema taratibu. "Mtu akitaka kupanda, anakata mbegu kwenye shamba zima, lisilo na ugonjwa. Ukikata kwenye miwa iliyo na ugonjwa wa unga mweusi, unaharibu mashamba mawili."

"Umenifundisha," alisema Daktari Helen. "Nitawaambia wagonjwa wangu hivyo. Tena kuna lile kovu la kifua. Ngozi yako ni ya kuvimbisha makovu. Tunayaita keloidi. Kupandikiza ni kutoboa matundu mengi sana, hapa na pale. Kila tundu ni kidonda kidogo. Kwa mtu mwingine kitapona kimya kimya. Kwako, vingine vinaweza kuota makovu kama hilo, kichwa kizima."

Caren alifunga macho kidogo.

"Na makambi ya Agosti?" aliuliza Mokua, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Hata kwa mtu anayefaa, nywele zilizopandikizwa kwanza huanguka. Ndivyo zilivyo. Baada ya miezi kadhaa ndipo huanza kuota, na sura kamili huja baada ya karibu mwaka. Anayekuahidi Agosti, ama hajui, ama anajua na anakudanganya."

Mokua alimweleza habari za Javan na chumba cha wageni. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu akitaka kukupasua, muulize: Wewe ni daktari aliyesajiliwa? Jina lako nitalipata kwa baraza la madaktari? Umepandikiza watu wenye nywele za kujikunja kama zangu? Kwa sababu mzizi wa nywele zetu umepinda chini ya ngozi, na asiyejua huukata katikati. Muulize pia: Nikitokwa na usaha nyumbani, nitampigia nani? Na kabla ya yote, akuchunguze kichwa na akuulize magonjwa yako. Asiyekuuliza chochote, mkimbie."

"Kwa hiyo jibu ni hapana."

"Jibu langu kwa leo ni hapana. Kwanza tutibu kisogo. Kikitulia kwa muda mrefu, na bado ukiwa na hamu, nitakutuma kwa mtaalamu mkubwa. Anaweza kujaribu mahali padogo kwanza, aone ngozi inasemaje. Kuna pia dawa ya kupaka kwa upara. Husaidia wengine, wengine haiwasaidii, na ukiacha, nywele huanguka tena. Na kuna njia nyingine: kuuacha upara ukae. Uamuzi ni wako. Kichwa ni chako."

Daktari aliandika dawa: vidonge, na ya kupaka kwenye vipele. Kisha alieleza masharti. "Usivikamue. Usipake spiriti. Kola ngumu isiguse shingo. Na lililo kubwa kuliko yote: usinyoe zero tena. Nywele zetu zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha hujikunja na kuingia ndani. Mwili unaona kama mwiba. Ndipo vipele vinapotoka. Hivyo unyoaji huo wa kila mara ndio unaolisha ugonjwa."

Mokua aliinua kichwa. "Nisinyoe zero?"

"Acha nywele fupi, lakini zionekane."

"Daktari, nikiacha nywele za pembeni zionekane, utosi utaonekana zaidi! Sasa angalau kichwa chote ni sawa."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ili kisogo kipone, upara ilibidi utoke hadharani.

"Ndiyo," alisema daktari. "Utaonekana zaidi. Sitakudanganya."

*

Walikaa nje ya hospitali, kwenye benchi la saruji. Chini yao ziwa lilikuwa tulivu, na mama mmoja alikuwa akigeuza samaki kwenye wavu wa kukaushia. Caren alifungua mfuko wa mandazi, akampa moja. Mokua alilishika bila kulila.

"Ukiniona na nywele za pembeni tu, kama wazee wa kortini," aliuliza, "utaonaje?"

"Nitamwona mume wangu. Hicho kichwa hulala kando yangu kila siku. Nakijua kuliko Okemwa."

"Na watu?"

"Watu wameshaona, baba Nyanchama. Waliona kwa video. Kinachowashangaza ni kwamba umekimbia."

Mokua alitafuna andazi taratibu. Alifikiria foronya. Alifikiria kovu la kifua, na jinsi lilivyoanza kwa mkwaruzo wa jani tu. Alifikiria mamia ya mikwaruzo kama ule kichwani mwake.

"Kola yangu," alisema, "usiitie uji tena."

Caren alimtazama. Kisha alicheka, akapangusa makombo ya mandazi magotini. "Hata mimi nilikuwa nimechoka kuchuja."

Javan alipokuja kutafuta malipo ya ile nafasi, Mokua alimuuliza maswali ya daktari, moja baada ya jingine, kwa upole.

"Vipele?" Javan alisema. "Hizo tunapaka krimu tu, mkubwa. Usisikilize daktari, hao wanataka urudi kila mwezi."

"Jina la mtaalamu wako ni nani?"

"Si atakuja, utamwona."

"Basi mimi sitakuja, hataniona."

Javan alisema nafasi yake atampa mwingine. Mokua alimwambia, "Huyo mwingine nitumie. Nitamwambia aende Homa Bay kwanza." Javan hakutuma mtu, na dukani hakurudi.

Kwa Okemwa kulikuwa na kazi zaidi. Kinyozi alishika mashine mkononi kama mtu aliyeambiwa apike ugali bila maji.

"Nisinyoe zero? Mwalimu, watu watasema Okemwa ameshindwa na kazi."

"Watume kwangu. Weka kile kichana cha mashine. Kisogoni usikandamize. Na mashine uisafishe kwa dawa kabla ya mtu na baada ya mtu."

Okemwa alichomeka kichana kwenye mashine. "Hizo vipele, unafikiri ni mimi nilikuletea?"

"Tulizileta wote. Mimi ndiye niliyesema kandamiza."

"Pole, mwalimu."

"Nyoa bwana, jua linazama."

*

Baada ya majuma machache, nywele za pembeni zilikuwa zimeota, nyeusi na fupi, na utosi ulisimama katikati yake waziwazi. Mokua alikwenda mazoezini Jumatano jioni. Mlangoni alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Wanakwaya waligeuka kumtazama.

Momanyi alifungua mdomo.

"Sema," alisema Mokua. "Sema usipasuke."

"Nilitaka kusema umechelewa," alijibu Momanyi. Kisha akashusha sauti. "Omera, ile video niliwaambia waifute. Nilikosa adabu."

"Ulisema kweli. Ila siku hizi nimeweka ua kuzunguka uwanja. Ng'ombe wasiingie."

Watu waliangua kicheko, na Mokua alicheka nao. Aligundua kwamba kicheko mtu anachokianzisha mwenyewe hakimchomi.

Aliwaeleza kuhusu vipele na kola. Hakuficha. Sheila, ambaye ni fundi cherehani, alisema hapo hapo, "Basi mashati ya makambi nishone bila kola. Shingo ya duara, ya kitenge. Wanaume wote, ili mwalimu asiwe peke yake." Wanaume wawili waliokaa nyuma walitazamana na kushika shingo zao. Hakuna aliyepinga.

Kisogo cha Mokua hakikupona kwa siku moja. Kwanza kuwasha kulipungua. Kisha foronya ikaanza kuamka nyeupe kama ilivyolala. Alirudi Homa Bay kila alipoambiwa. Vipele vidogo viliisha. Vile vikubwa vilisinyaa, ingawa viwili vilibaki, na daktari alivichoma sindano. Dawa ya upara aliifikiria. Aliona itamdai kuipaka maisha yote, akaiacha. Kupandikiza nako, alimwambia daktari, hakumkoseshi usingizi tena.

Agosti ilifika. Uwanja wa makambi kule Kendu Bay ulijaa mahema na watu kutoka Migori na Homa Bay. Kwaya ya Awendo iliitwa. Mokua alisimama mbele, akawapa watu mgongo. Jua la alasiri lilimpiga utosini, akalihisi, joto na zuri. Aliinua mikono. Watu arobaini wakavuta pumzi pamoja.

Wimbo ule haukuburutwa. Ulikwenda kama mto Kuja wakati wa mvua.

Walipomaliza, Mokua alikwenda kunywa maji nyuma ya hema. Mwanamume mmoja alimfuata. Alikuwa mgeni, mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Kehancha, mwenye suti nzuri na kola iliyofungwa mpaka juu. Alisema jina lake ni Gisiri. Alisitasita kama mtu anayetaka kukopa.

"Ndugu, samahani. Mlipokuwa mkiimba, mimi nilikuwa nakutazama kisogo."

Mokua alishusha kikombe cha maji.

"Naona kama palikuwa na vipele, vikapona. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Gisiri alitazama kushoto na kulia. Kisha alilegeza tai, akafungua kifungo, akaishusha kola yake kwa vidole viwili, akageuka.

Mokua alisogea karibu, akainama, akaangalia vizuri bila haraka.

"Unanyoa zero?" aliuliza.

"Kila Ijumaa."

"Na unavikamua?"

"Nikioga."

"Usivikamue tena," alisema Mokua. "Kaa hapa kivulini, tai uiache hivyo hivyo wazi. Caren! Mama Nyanchama! Leta kiti kingine, na umwambie huyu ndugu siku ya kliniki."